Saa ya Mwili, Joto la Kona na Safari ya Mwanamichezo

Tarehe 18 Februari 1978, wanaume 15 waliingia baharini katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ili kuumaliza ubishi ambao maneno yalikuwa yameshindwa kuukata: ni nani mstahimilivu zaidi, mwogeleaji, mpanda baiskeli au mkimbiaji? Waliyaunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo kisiwani wakayafanya kuwa ya siku moja: kuogelea kilomita 3.86, kuendesha baiskeli kilomita 180, na kukimbia marathoni kamili ya kilomita 42.195. Walimaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Mwaka 1981 mashindano hayo, yaitwayo Ironman, yalihamishiwa pwani ya Kona katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, na hapo ndipo triathloni ya masafa marefu ilipopata jina duniani. Mwezi Oktoba 2024, Patrick Lange wa Ujerumani aliikamilisha safari hiyo hiyo ya Kona kwa saa 7 na dakika 35.

Tofauti hiyo ya saa nne na zaidi husifiwa kuwa ni kazi ya baiskeli nyepesi, vyakula vya kisasa na mazoezi yanayopimwa kwa mitambo. Sifa hizo ni za haki. Lakini lipo jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kwamba karibu kila anayeshindana Kona ni mgeni. Kisiwa kimezungukwa na Bahari ya Pasifiki, na bara lililo karibu liko zaidi ya kilomita 3,500. Kila mshindani amesafiri, na wengi wamevuka nusu ya dunia. Mwanamichezo anayeshuka kwenye ndege siku mbili tatu kabla ya mashindano amekwisha kuachwa nyuma kabla hajalowa maji. Na mdhamini anayelipa nauli bila kulipia siku za kukaa huko amegharimia usafiri tu, hakugharimia ushindani.

Sababu ya kwanza ni saa ya mwili. Juu ya mahali ambapo neva za macho hupishana ndani ya ubongo kuna kifundo kidogo cha chembe hai zipatazo 20,000, ambacho huongoza usingizi, joto la mwili, homoni na hata mwendo wa matumbo, kwa mzunguko wa karibu saa 24. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufumbua, kwa kuwachunguza inzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya chembe hai. Saa ya mwili haisomi tikiti ya ndege. Hurekebishwa hasa na mwanga wa jua, tena polepole, takriban saa moja kwa siku.

Na ichukuliwe safari ya mtu atokaye Nairobi. Kati ya Nairobi na Kona kuna tofauti ya saa 13. Mashindano yanapoanza Kona mnamo saa 1 asubuhi, mwili uliofika jana unahesabu saa 2 usiku, wakati wa kula na kujinyosha. Mshindani wa kawaida anapokuwa katikati ya marathoni, saa 10 alasiri, mwili wake unahesabu saa 11 alfajiri, wakati ambapo joto la ndani limeshuka kabisa, akili ni nzito na misuli imelegea. Tumbo nalo lina saa yake, na tumbo hilo ndilo linalotakiwa kupokea gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa juu ya baiskeli. Wengi wanaotapika njiani hulaumu chakula. Ingefaa pia waitazame kalenda. Mwanafunzi anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake hahitaji maabara: kipimajoto cha homa, daftari, na vipimo vya kila saa tatu wakati yu macho, kwa siku mbili tatu, vitamchorea jinsi joto la mwili linavyopanda kuelekea jioni na kuanza kushuka usiku.

Sababu ya pili ni joto, na hapa walimu wa fizikia wana hesabu nzuri ya kuiandika ubaoni. Mwendesha baiskeli anayetoa wati 200 kwenye pedali hutumia mwilini wati 1,000 hivi, kwa kuwa misuli hugeuza sehemu moja tu kati ya tano ya nishati ya chakula kuwa kazi. Wati 800 zilizobaki ni joto tupu. Kwa saa moja hizo ni kilojouli 2,880. Mwili wa kilo 70, unaohitaji kilojouli 3.5 hivi ili kila kilo ipande nyuzi moja ya sentigredi, ungepanda karibu nyuzi 12 kwa saa kama joto hilo lisingepata pa kutokea. Yaani nyuzi moja kila dakika tano. (Mwanafunzi mdadisi atasema kwamba mwili uliopoa wa alfajiri una faida basi. Anayo hoja, lakini faida ya nusu nyuzi huliwa na hesabu hii kwa dakika chache.) Njia kuu ya kutokea ni jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke huondoa kilojouli 2,400 hivi, kwa hiyo zinahitajika lita 1.2 kila saa, tena zikauke zote juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini limepotea bure.

Kona hailirahisishi jambo hili. Hewa huwa na nyuzi 30 hivi na unyevu mwingi, na barabara hupita katikati ya mawe meusi ya volkano yasiyo na kivuli. Juu ya baiskeli mwendo wenyewe huleta upepo. Mkimbiaji hana upepo huo. Wakimbiaji hushuka hadi kwenye kituo cha utafiti wa nishati kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho mahali pake palipendwa kwa wingi wa jua. Kwa mtafiti wa nishati ya jua hiyo ni neema. Kwa mtu mwenye kilomita 15 mbele yake ni habari nyingine.

Mwili, hata hivyo, hujifunza. Ukifanyishwa kazi katika joto kwa siku 10 hadi 14, maji ya damu huongezeka, moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, na chumvi ndani yake hupungua. Hili la chumvi lina uzito wake. Mgeni ambaye hajazoea hupoteza chumvi nyingi, na akinywa maji kupita kiasi kwa hofu ya kiu, chumvi iliyobaki katika damu huzimuliwa hadi ubongo ukavimba. Timothy Noakes wa Afrika ya Kusini na wenzake waliieleza hatari hiyo mwaka 1985, wakati ambapo wakimbiaji wengi walikuwa bado wakishauriwa kunywa kadiri wawezavyo.

Kwamba joto hufundishika, ushahidi umetoka mahali pasipotarajiwa. Aliyeshinda Kona mwezi Oktoba 2022, kwa saa 7 na dakika 40, alikuwa Gustav Iden wa Bergen, mji wa Norwe unaojulikana kwa mvua na baridi. Yeye na mwenzake Kristian Blummenfelt, aliyekuwa wa tatu, walijizoeza katika joto la kutengenezwa huku wakipima joto la ndani ya mwili kila mara. Lakini joto hufundishika kwa kiasi chake. Oktoba 2025 Taylor Knibb wa Marekani alikuwa akiongoza mbio za wanawake, zikiwa zimebaki kilomita chache tu, mwili ulipokataa kwenda. Lucy Charles-Barclay wa Uingereza, bingwa wa mwaka 2023, alikuwa amekwisha kujitoa. Ushindi ulikwenda kwa Solveig Løvseth, naye ni wa Norwe. Knibb na Charles-Barclay si watu wa kufika jana. Ikiwa joto liliwaangusha waliojiandaa kwa miezi, aliyefika Alhamisi kwa mashindano ya Jumamosi anategemea nini?

Hapa husikika jibu ambalo limewaponza wengi: kwamba mwana wa Afrika amezaliwa na joto, hana haja ya kulizoea. Jibu hilo linachanganya latitudo na hali ya hewa. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na Iten mita 2,400 hivi. Mkimbiaji wa huko hulala chini ya blanketi na kufanya mazoezi alfajiri katika ubaridi. Mapafu yake yana sifa, lakini tezi zake za jasho hazijafundishwa kuliko zile za mtu wa Bergen. Tena kuzoea joto hakudumu: asiyelirudia kwa wiki chache hulisahau, hata awe mzaliwa wa Lamu.

Jambo jema ni kwamba darasa la joto halina ada kubwa. Majuma mawili ya mazoezi ya mchana Mombasa au Tanga, mahali penye unyevu kama Kona, yatafanya sehemu kubwa ya kazi, na asiyeweza kushuka pwani anaweza kujisaidia kwa maji ya moto ya kuoga baada ya mazoezi, njia ambayo imejaribiwa na watafiti ikafaa. Saa ya mwili ndiyo isiyopatikana Mombasa, kwa kuwa Mombasa na Nairobi zina saa moja. Anayejitayarisha anaweza kusogeza usingizi wake mbele kidogo kidogo kabla ya safari, akichelewa kulala na kuchelewa kuamka, na hivyo kujipatia saa tatu au nne nyumbani. Saa 9 au 10 zilizobaki zinadai siku 9 au 10 chini ya jua la Kona lenyewe.

Hizo ndizo siku zinazofutwa kwanza bajeti inapobana. Chama huhesabu nauli, ada ya kiingilio, sare na sanduku la baiskeli. Pango la siku 10 huonekana kama likizo. Wakati huo huo hutafutwa fedha za baiskeli ya hali ya juu, ambayo bei yake leo hupita dola 10,000, ili kuokoa dakika kadhaa barabarani. Mtu aliye usingizini hupoteza dakika hizo kwenye meza moja ya maji. Mwenye fedha za jambo moja tu na apande baiskeli yake ya zamani, afanye mazoezi yake Tanga, na ziada iliyobaki ailipie chumba cha Kona kuanzia Jumatano ya juma linalotangulia.