Kamera Zilipofika Wote

Mimi si mwandishi wa habari, ni mtazamaji tu, baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi. Septemba 2014 risasi zilipolia Wote, Makueni, katika ugomvi wa madiwani na Gavana Kivutha Kibwana, kamera zilimiminika. Tukajua nani kamtukana nani. Lakini bajeti, kiini cha ugomvi, niliisikia kwa sentensi moja.

Kitui vivyo hivyo. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku biashara ya makaa, tulionyeshwa lori likiteketea. Mchoma makaa, ambaye gunia ndilo karo ya wanawe, sikumwona akiulizwa neno.

“Sasa watakula nini?” akauliza mke wangu.

Habari zilikuwa zimehamia mpira.