Askari wetu waruhusiwe kurusha ndege ndogo, na sisi raia tuwe karibu

Sisi wa sendika ya wachimbaji hapa Kindu tumezoea kuandika juu ya kasiterite, mizani na bei. Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengi watakiona ni mchezo wa watoto. Msomaji atuvumilie, halafu aseme kama tuko na haki ao hapana.

Mambo yalianza hivi. Mtoto wa mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 16, alitengeneza ndege. Mabawa aliyakata katika frigoliti iliyokuwa imefunga televizio mpya ya jirani, mwili ulikuwa bambu, motere aliitoa katika droni iliyovunjika ya mpiga picha wa ndoa. Siku ya yenga, mchana, aliirusha kwenye uwanja wa mpira. Ilizunguka mara mbili. Mara ya tatu masasi yakalia. Askari wawili waliokuwa wanapita walipiga hewani, watu wakalala chini, mama mmoja akaacha beseni lake la mihogo akakimbia.

"Ile kintu ni ya nani?"

Mtoto akanyoosha mkono na telekomande yake, akitetemeka. "Ni yangu, baba. Ni ya kuchezea."

Alilala kashoni siku mbili. Tulienda watatu, na karte zetu za sendika mkononi, kumwombea. Tulimkuta mzima, tukarudi naye nyumbani. Ndege ilibaki kule.

Tulipokuwa tunangojea kwenye benchi, mmoja wa wale askari alikuja kutusemesha kwa sauti ya chini: "Bapapa, musitukasirikie. Sisi hatukufundishwa kujua ya mutoto ni ipi na ya adui ni ipi. Inalia tu, tunapiga." Ni hilo neno ndilo limetufanya tuandike. Tulikwenda pale na hasira, na tulikuwa tumetayarisha maneno makali, lakini yule kijana hakudanganya. Nani amemfundisha?

Hofu yenyewe haikuanguka kutoka mawinguni. Februari 2024 jeshi letu lilitangaza kwamba droni zimeshambulia uwanja wa ndege wa Goma na kuharibu ndege za raia. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Kavumu, ikafuata Bukavu. Sisi wa Maniema, ambao vitu vingi vilikuwa vinatufikia kwa ndege kutoka Goma, tuliona duka likibaki na meza tupu na mwenye duka amekaa mlangoni. Toka hapo kila sauti ya juu inatushtua. Mchimbaji akisikia kitu kinalia juu ya shimo, anaacha beleshi, anatazama miti gani iko karibu. Basi askari mwenye bunduki begani atafanya nini?

Lakini Kindu iko na sababu yake yenyewe, ya zamani kuliko vita hii, na wazee wanaijua. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za C-119 za Waitalia, kutoka kikosi cha Pisa, zilitua hapa kwetu. Zilileta vitu kwa askari wa Malaya waliokuwa hapa kwa kazi ya ONU. Warukaji walikuwa 13. Walikuwa katika mesi, wanakula chakula cha mchana. Askari wa jeshi la taifa la wakati ule wakawachukua, wakawaua wote, juu waliamini ni mamluki wa Katanga, Wabeleji waliokuja kuwapiga. Na kuamini vile kulikuwa na mzizi: miezi miwili mbele, ndege moja tu ya Katanga, Fouga Magister, ilikuwa imewatesa askari wa ONU kusini, na habari zake zilikuwa zimefika kila kambi. Mtu aliyetoka juu alikuwa adui, basi. Hakuna aliyetazama alama kwenye ndege, hakuna aliyetazama kitambaa kwenye bega. Leo huko Italia kuko barabara zinazobeba jina la muji wetu kwa ajili ya wale wafu. Mtu wa kule anayekaa kwenye barabara ya Kindu, akiuliza Kindu ni nini, anajibiwa kifo.

Hatuandiki hivi ili kuwahukumu wazee waliokwisha kufa. Tunasema kwamba macho ambayo hayakufundishwa yanaua, na yaliua hapa, si mahali pengine.

Sasa, macho ya askari yanafundishwa namna gani? Wengine walishajibu, na walijibu kwa kitu cha kuchezea. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege ndogo za mbao 500,000. Aina zilikuwa 50, za rafiki na za adui, zote kwa kipimo kimoja, sehemu moja ya 72 ya ndege ya kweli, zote zikapakwa rangi nyeusi. Zilipelekwa kwa askari, zikatundikwa, mwalimu anauliza, askari anajibu: hii ni yetu, hii si yetu. Rangi nyeusi ilikuwa na maana yake, juu ndege ikiwa mbali huoni rangi, unaona umbo tu. Na kule Uingereza jeshi la anga liko na chama chake cha ndege ndogo mpaka leo, RAF Model Aircraft Association, na vilabu ndani ya kambi, na kila mwaka wanashindana. Si watoto wale. Ni mafundi na marubani wenye vyeo.

Tunachoomba ni kidogo: wakubwa wa jeshi wa hapa Kindu waruhusu klabu ya ndege ndogo kwa askari, na waiache wazi kwa raia. Askari aliyejenga bawa kwa mkono wake anajua mambo ambayo hakuna hotuba itamfundisha. Anajua kwamba ndege ya mabawa haiwezi kusimama mahali pamoja hewani, lazima iende mbele, lakini droni ya mapanga manne inaweza. Anajua kwamba ndege ya mita moja yenye bateri ndogo inachoka kwa dakika kumi hivi na inaongozwa na mtu aliye karibu, basi ukiiona, kwanza mtafute huyo mtu chini kabla ya kupiga kitu juu. Droni ya vita kama CH-4, ile ambayo jeshi letu lenyewe lilinunua, mabawa yake yanafika mita 18. Mtu aliyeshika ya mita moja hatazichanganya hizo mbili, wala kwa macho wala kwa masikio.

Hapa ndipo sisi wa sendika tunajua kitu, juu kuendesha chama ndiyo kazi yetu, na tulishaikosea. Kisanduku chetu cha kwanza kilikufa sababu mkubwa wetu alikuwa anakilaza nyumbani kwake chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Katika klabu ya askari hatari hiyo inazidi. Kaporali atamuuliza kanali namna gani pesa ya bateri imekwenda? Basi kitabu cha pesa kishikwe na mtu asiye na cheo, na raia mmoja atie sahihi pamoja naye, na kisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mchango uwe uleule kwa wote. Na uwanjani vyeo vibaki kwenye gari. Kanali akikosea kutua, aambiwe amekosea, na aliyemzidi kwa mkono awe ndiye mwalimu wake siku hiyo, hata kama ni askari wa mwaka mmoja. Wakubwa wengi hawatapenda hilo. Klabu itapimwa hapo.

Uwanja uwe ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli, mbali na uwanja wa ndege ambao uko upande huu wetu. Siku na saa vijulikane, vitangazwe kwa redio na kanisani na msikitini, ili mama wa mihogo asikimbie tena. Mnara wa RVA upate habari kila mara kabla ya kurusha, na karatasi ya ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga iwe mkononi, si ahadi ya mdomo. Juu zaidi ya mita 120 hakuna kwenda. Kila anayerusha awe na mwenzake pembeni anayetazama anga yote, juu mwenye telekomande haoni kingine ila ndege yake.

Vifaa havitatushinda. Motere, bateri na redio vitanunuliwa, na ndivyo vitakula pesa. Bateri zichajiwe kwa paneli ya jua na mtu akae karibu nazo, maana aina ile ikivimba inawaka moto. Mbao iko bure: ule mti wa parasolie unaoota upesi kwenye mashamba yaliyoachwa, ambao maseremala wanaucheka kwa wepesi wake. Kwa bawa ndio huohuo unaofaa.

Tunajua tutakayoambiwa. La kwanza ni kwamba askari bado hajashiba, na sisi tunamletea mchezo. Ni kweli mwezi wa tatu wa 2025 Kinshasa ilitangaza kuzidisha mshahara wa askari na polisi mara mbili, na ni kweli pia kwamba tangazo na mfuko ni vitu viwili. Mchimbaji hahitaji kufundishwa hilo. Tutaendelea kudai mshahara wa askari ulipwe kama tunavyodai wa kwetu. Lakini mtoto asipigwe masasi mpaka siku hiyo ifike?

La pili ni zito zaidi, na hatuna jibu la kulimaliza. Kitu cha kuchezea kinageuka silaha. Reginald Denny, mchezaji wa sinema kule Hollywood, alikuwa na duka la ndege ndogo. Kampuni yake, Radioplane, ikaja kulitengenezea jeshi la Marekani ndege za kuongozwa kwa redio ili askari wajifunzie shabaha, karibu 15,000 wakati wa vita kubwa. (Marilyn Monroe, kabla ya kuwa na jina hilo, alikuwa mfanyakazi katika kiwanda hicho. Sisi wa sendika tunapenda kumkumbusha mtu kwamba hata yeye alipiga saa za kiwanda.) Leo njia kutoka dukani mpaka vitani imekuwa fupi zaidi. Ndiyo sababu tunataka raia ndani ya klabu, na daftari la kila ndege na kila aliyeirusha. Kamera isifungwe, wala kitu chochote kisitundikwe chini ya bawa, hata pipi za watoto siku ya sikukuu. Siku kitu kitakapotundikwa, sisi tutatoka na tutasema hadharani kwa nini tumetoka.

Barua ya maombi tumeshaiandika, kurasa mbili, na nakala moja kwa meya. Mtoto wa mwenzetu anasema yuko tayari kuwafundisha hao askari wawili kwanza. Ndege yake bado iko kule ofisini, juu ya kabati, bawa moja limevunjika. Tunaomba irudishwe.