NENO KWA JAMAA: Sombe haitaki haraka



Juma hili twataka kusema juu ya chungu. Labda wengine watacheka na kuuliza: je, gazeti limekosa habari hata liandike juu ya majani ya muhogo? Hatuoni haya. Jamaa ya Kikristo hujengwa kanisani, hujengwa mezani pia. Na katika nyumba nyingi za kwetu chakula kionekanacho mezani mara kwa mara ni ugali na sombe. Sisi wa Kivu na Katanga twasema sombe, watu wa Kinshasa husema pondu, jirani zetu wa Tanzania husema kisamvu. Majina ni mengi, jani ni moja.

Lakini siku hizi haraka imeingia jikoni, hasa mijini. Makala ni ghali, mama amerudi sokoni amechoka, watoto wanalia njaa. Basi majani hukatwakatwa kwa kisu, hutiwa chunguni pamoja na magadi ili yalainike upesi, hufunikwa, na baada ya nusu saa huliwa. Mama huyo hatumlaumu, maana twajua taabu yake. Ila yafaa ajue jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa mikono yao, ingawa hawakulisoma katika kitabu.

Ndani ya jani la muhogo mna asili ya sumu iitwayo sianidi. Jani likiwa zima, sumu hiyo imefungwa. Katika jani lilo hilo imo pia dawa iwezayo kuifungua, lakini hizo mbili hukaa mbalimbali, kama watu wawili wakaao katika vyumba viwili vya nyumba moja. Mchi ukivunja kuta za vyumba, hukutana. Hapo sumu hufunguka, ikawa tayari kugeuka hewa. Nayo huchemka kwenye joto la digrii 26 tu. Kwa hiyo chungu kikitokota bila kifuniko, huruka ikaenda zake.

Sasa mwaona kwa nini bibi zetu walitwanga sana, na kwa nini walikiacha chungu wazi. Kisu hakitoshi, maana huacha vyumba vingi vizima. Tena majani mazima yakitumbukizwa katika maji ya moto kabla ya kutwangwa, moto huiua ile dawa, na sehemu ya sumu yabaki imefungwa. Wako wapishi wengi wanaoyachovya hivyo ili yawe laini. Afanyaye hivyo asikose kumwaga maji yale. Lililo bora ni kutwanga kwanza. Wala msidanganywe na ulaini wa majani machanga ya nchani. Ni matamu kweli, lakini mara nyingi ndiyo yenye sumu zaidi.

Muhogo haukuzaliwa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16. Huko kwao, katika jimbo la Pará, watu hata leo hupika majani yake yaliyosagwa kwa muda wa siku saba hivi, na chakula hicho hukiita maniçoba. Sisi hatuhitaji juma zima. Lakini tukisikia kwamba wenyeji wa mmea huo huuchemsha siku saba, je, nusu saa yetu si kiburi?

Nchi yetu imekwisha kuona matunda ya haraka. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona katika Kwango, ambao Wayaka huuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, na ghafula miguu yake yote miwili hukakamaa, isipone tena. Wapatwao zaidi ni watoto na akina mama. Ugonjwa huo watoka hasa katika mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vizuri, kwa watu wasiopata samaki, nyama wala maharage ya kutosha. Katika miaka ya 1980, barabara nzuri ilipofika Bandundu na biashara ya muhogo wa kupeleka Kinshasa ikapanda, watu wengi waliacha kuloweka siku tatu, wakaloweka siku moja ili wauze upesi. Wataalamu waliochunguza vijiji vilivyopatwa na konzo waliikuta haraka hiyo. Mkato wa siku mbili ulilipwa kwa miguu ya watoto. Huo ulikuwa mzizi, si jani. Lakini mzizi na jani ni vya mti mmoja, na sumu ni ile ile.

Tusiseme sumu tu, tukawaogopesha watu bure. Sombe iliyopikwa vema ni zawadi kubwa ya Mungu. Gramu 100 za majani mabichi zina protini, yaani chakula kijengacho mwili, karibu gramu 7, hali mzizi una gramu 1 na kidogo tu. Mtoto ashibaye ugali wa muhogo bila mboga aweza kuvimba miguu na nywele zake kugeuka rangi. Ndiyo bwaki, ugonjwa ujulikanao sana Kivu. Basi wanafunzi waionao sombe kuwa chakula cha maskini wajifunze upya: umaskini ni kula ugali mtupu.

Sasa tuseme upishi wenyewe. Osha majani, ondoa vikonyo, twanga mpaka yawe kama uji mzito. Tia katika maji yanayochemka, usifunike, na uache yatokote muda wa saa moja au zaidi, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Pika mahali penye hewa, kwa maana moshi na makala katika chumba kilichofungwa vyaua. Kisha tia vitunguu, na samaki wakavu, sambaza au ndagala, au karanga zilizosagwa. Samaki huongeza kile kilichopungua katika jani, na kuusaidia mwili kuishinda sumu kidogo iliyosalia. Mwisho tia mawese na chumvi, punguza moto, acha iive polepole. Mafuta hayo yana asili ya vitamini A, tena husaidia mwili kuipokea ile iliyomo katika majani. Magadi acheni, kwa kuwa huharibu vitamini. Anunuaye sombe iliyosagwa kwa mashine hana kosa, mradi imesagwa siku hiyo hiyo, kwa maji safi, naye akumbuke kwamba mashine yatwanga tu. Kuchemsha chungu wazi bado ni kazi yake.

Hapa twawageukia akina baba. Mara nyingi baba husifu sombe ya mama yake mzazi, na kumlaumu mke wake kwamba hajui kupika. Lakini je, makala amenunua ya saa mbili, au ya nusu saa? Na samaki walio chunguni huliwa na nani? Katika nyumba nyingine baba hupewa samaki wote, na watoto huchovya ugali katika mchuzi. Mtoto ndiye ajengaye mwili sasa. Baba wake umekwisha kujengwa. Anayepiga ishara ya msalaba juu ya sahani na aitazame pia sahani ya mtoto wake.

Nanyi vijana wa kiume, kutwanga si aibu. Yesu alifanya kazi ya mikono huko Nazareti miaka mingi. Jumamosi hii, dada zenu watakapoleta majani kutoka shambani, shikeni mchi ninyi, nao wapate nafasi ya kusoma masomo yao. Mama akiona kinu kina watu wawili, hatatafuta tena njia ya mkato.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Neno hilo twalisema sana juu ya safari na biashara. Tulipeleke na jikoni.