Mama akipumzika kazi, familia imwachie saa yake

Miongoni mwa wanawake wa miaka 40 hadi 55 wanaofika kliniki, wapo wengi wanaoeleza tatizo lao kwa maneno yanayofanana: "Daktari, nimechoka, na hata nikilala naamka nimechoka." Ni walimu, wahasibu, wauguzi, maofisa wa benki, wafanyabiashara. Wana watoto wa sekondari, wana mzazi au mkwe anayeumwa, na wana kazi waliyoifanya miaka 15 au 20. Baadhi yao wamefikia uamuzi mgumu: kuomba likizo bila malipo, kutoongeza mkataba, au kufunga biashara kwa muda.

Safu ya leo inawahusu wao, na inawahusu zaidi waume, watoto na ndugu wanaoishi nao. Hoja yangu ni moja. Miezi sita nje ya ofisi haimsaidii mtu aliyechoka ikiwa yote itamezwa na kazi za nyumbani. Anachohitaji ni muda anaoumiliki mwenyewe, na njia mojawapo nzuri ya kuutumia ni kurudia sanaa au kazi ya mikono aliyoiacha alipoanza kuhangaikia maisha.

Uchovu wa aina gani?

Katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, limeueleza uchovu uliopitiliza unaotokana na kazi kwa dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, mtu akaanza kuichukia au kuidharau kazi aliyoipenda. Ya tatu ni kuhisi kwamba hafanyi tena chochote cha maana. WHO haikuuita ugonjwa. Imesema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa.

Kutouita ugonjwa hakuna maana kwamba hauna madhara. Utafiti wa WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari yake ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba ni kubwa kwa asilimia 17.

Hata hivyo, usijipe jina la uchovu wa kazi kabla ya kupima. Katika umri huu uvimbe kwenye kizazi ni jambo la kawaida, na mwanamke anayetokwa damu nyingi ya hedhi kila mwezi anaweza kuishi na upungufu wa damu miaka kadhaa akidhani ni kazi nyingi. Kisukari huchosha. Tezi ya thairoidi iliyopo shingoni ikifanya kazi pungufu, huchosha pia na kuongeza uzito. Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka ya kuelekea huko huja na joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa kukatika. Pima presha, wingi wa damu, sukari na, daktari akiona inafaa, homoni za tezi. Majibu yakiwa mazuri, ndipo tuzungumze kuhusu kupumzika.

Likizo inavyomezwa

Tuseme mama ameruhusiwa na mwajiri wake kupumzika miezi sita. Wiki ya kwanza analala. Wiki ya pili binti wa kazi anaondolewa, "kwa kuwa mama yupo nyumbani". Wiki ya tatu mwanafunzi hapandi tena basi la shule, mama anampeleka na kumfuata. Wiki ya nne shangazi analetwa kutoka kijijini kwa matibabu, kwa sababu sasa kuna mtu wa kumpeleka hospitali. Vikao vya harusi vinamchagua mhazini. Mwezi wa tatu ukifika, mama huyu anaamka saa 10 alfajiri, mapema kuliko alipokuwa ameajiriwa, na hana mshahara.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kila ombi lina sababu, na kumhudumia mgonjwa wa ukoo ni wajibu tunaoujua. Tatizo ni kwamba maombi yote humwangukia mtu mmoja. ILO ilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na huduma zisizolipwa, zaidi ya mara tatu ya wanaume. Mwanamke anapotoka ofisini, anapunguza kazi moja kati ya mbili alizokuwa nazo, na ile iliyobaki inatanuka mpaka ijaze nafasi yote.

Akirudi kazini baada ya hapo, mwajiri anashangaa: mbona huyu ametoka likizo amechoka kuliko alivyokwenda?

Mikono inafanya nini?

Mwaka 2019 WHO, kupitia ofisi yake ya kanda ya Ulaya, ilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ilionyesha kwamba kuimba, kucheza ngoma, kuchora, kuandika na kazi za mikono vinaweza kusaidia kuzuia maradhi, kuimarisha afya ya akili na kumsaidia mgonjwa aliye kwenye tiba. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwachukua watu wazima 39 na kuwapa dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika picha. Kiwango cha kotisoli, homoni inayotolewa mwilini wakati wa msongo, kilishuka kwa takriban watu watatu kati ya kila wanne. Kilishuka hata kwa wasiokuwa na uzoefu wowote wa sanaa. Utafiti wa watu 39 hauwezi kuthibitisha kila kitu, lakini unakubaliana na kile ambacho bibi zetu walikijua walipokaa barazani jioni wakisuka ukili.

Kazi ya namna hiyo ina mambo matatu ambayo ofisi hukunyang'anya. Ina mwendo unaojirudia, ambao hutuliza pumzi na mawazo. Inakutaka uangalie kitu kimoja tu, kwa hiyo akili inapata nafuu ya kutowaza karo, ripoti na dawa za mzazi kwa wakati mmoja. Na ina mwisho unaoonekana: jana mkeka ulikuwa shubiri mbili, leo ni tatu. Kwa mtu ambaye dalili yake kubwa ni kuhisi kwamba hafanyi chochote cha maana, shubiri hiyo moja ni jambo kubwa.

Nilipochukua likizo bila malipo nikiwa na miaka 43, nilirudia kuchora kwa penseli, kitu ambacho mara ya mwisho nilikifanya kwa raha kwenye daftari la baiolojia la kidato cha nne. Mwanangu wa darasa la tano alisimama nyuma yangu akauliza, "Mama, kumbe unajua kuchora?" Miaka kumi aliyoishi nami alikuwa ananijua kama mtu wa kukagua kazi za shule na kujibu simu za wodini. Tangu siku hiyo naye akaanza kuleta karatasi yake mezani, na yale mazungumzo niliyokuwa nikiyatafuta naye kwa maswali ya "shule vipi leo?" yakaja yenyewe tukiwa tumeinamisha vichwa.

"Unauza bei gani?"

Kuna adui mwingine wa saa hii, naye huja akitabasamu. Mwanamke akifuma kitambaa kimoja cha kochi, mgeni wa kwanza atamuuliza, "Hiki unauza bei gani?" Akipika keki ya watoto wake, ataambiwa afungue ukurasa na kupokea oda. Siku hizi kila kipaji kinaitwa fursa.

Biashara si kosa, na mama aliyepoteza mshahara anaweza kuihitaji kweli. Lakini namshauri aliyekuja kwangu kwa uchovu kwamba miezi mitatu ya kwanza asiuze chochote. Oda ina tarehe, mteja ana malalamiko, mtaji una hesabu. Hayo ndiyo yaliyomchosha alikotoka. Kitambaa ambacho hakina mnunuzi unaweza kukifumua mara nne ukakianza upya, na hakuna atakayekupigia simu.

Wengine husema, "Umri wangu umepita, haya ni mambo ya wasichana." Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, alianza maisha kwa kufinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake akiwa mwanamke wa umri wa makamo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mwaka 1968 akiwa mtu mzima, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki dunia mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alianzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake hadi leo. Siwataji ili kila mtu atafute umaarufu. Nawataja kwa sababu jicho na mkono wa mtu mwenye miaka 40 bado vinajifunza.

Familia ifanye nini

Kwanza, kaeni kikao kabla likizo haijaanza, si baada ya mama kulipuka. Andikeni kazi zote za nyumba, nani anazifanya sasa na nani atazifanya. Msaidizi wa nyumbani asiondolewe mwezi wa kwanza kama kipato kinaruhusu. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuosha vyombo na kufua sare yake, awe wa kike au wa kiume.

Pili, saa moja kwa siku iwe ya mama, na iwe na muda unaojulikana. Saa 10 jioni hadi saa 11, kwa mfano. Katika saa hiyo baba ndiye anayeulizwa chumvi iko wapi. Mgeni akija, atapokelewa na waliopo.

Tatu, wagonjwa wa ukoo wagawiwe. Ndugu watano wakiwa na mzazi mmoja anayehudhuria kliniki kila mwezi, kila mmoja ana zamu yake. Asiyeweza kuja atume nauli na fedha za dawa.

Nne, pangeni fedha mapema. Aliyekuwa na bima ya afya kupitia mwajiri aulize itakuwaje akiwa likizo bila malipo, na aulize pia kuhusu michango yake ya hifadhi ya jamii. Mgonjwa wa presha au kisukari asije akagundua siku ya kuchukua dawa kwamba kadi imefungwa. Wala asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri akifuma. Ukili hautibu presha.

Najua wako wanaosoma haya na kusema kwamba hii ni habari ya wenye ajira. Mama ntilie hana mtu wa kumwandikia barua ya likizo, na siku asiyopika hapati kitu. Ni kweli. Lakini hata yeye ana familia inayomsubiri jioni awashe jiko mara ya pili, na hapo ndipo pa kuanzia: mwingine awashe, yeye aketi. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Wanaoiuza kila mwaka wajiulize wanaiuza kwa bei ya nini.

Usikae na hili peke yako

Kwa aliyechoka na kazi, baada ya wiki chache za kupumzika kweli, ladha ya mambo huanza kurudi. Chakula kinanoga, kicheko kinakuja, mkono unatamani kushika sindano. Ikiwa wiki mbili au zaidi zinapita huna hamu na chochote, hata kile ulichokipenda tangu utotoni, unalia bila sababu, huli au hulali, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Nenda hospitali, na ukiwa na mawazo ya kujidhuru nenda leo, ukiongozana na mtu unayemwamini.

Kwa baba na watoto mnaosoma safu hii: mama akiwaambia amechoka, msimletee soda na kumwambia apumzike huku mkimsubiri jikoni. Mpeni saa moja kesho jioni, na mlango ufungwe.