Kitabu cha Ndoa Nacho ni Mila Yetu

Wengine wanasema: "Kitabu cha ndoa cha parokia ni kintu ya Wazungu. Ndoa yetu ni mali na wajomba, basi." Sisi tunakataa.

Hata Wazungu hawakuzaliwa nacho. Katika parokia za vijiji vya Uingereza kilianza 1538, kwa amri ya serikali ya mfalme. Leo wajukuu wa wakulima wale wanatafuta nkambo zao mule mule. Je, walipoteza mila yao? Hapana.

Kwetu Likasi, uliokuwa Jadotville mpaka 1966, kazi yake ni kubwa zaidi. Wazee wetu walitoka pande zote kufuata kazi ya Union Minière, wajomba wakabaki mbali kijijini. Padri akaandika bwana, bibi na mashahidi. Halafu 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa, wengi kwa gari moshi. Mashahidi wa mdomo wakatawanyika.

Mjane akitupwa inje na ndugu za marehemu, nani atakumbuka tarehe ya ndoa yake? Sheria ya familia ya 1987 inadai mali, na inadai pia ndoa iandikwe kwa serikali. Kitabu cha padri hakichukui nafasi ya kile cha serikali, lakini majina na tarehe hakisahau.

Basi parokia zetu zikinge vitabu hivyo na mchwa na mvua, zinakili vya zamani. Na sisi wenye mila tuandike pembeni kile padri anachoacha: mali iliyotolewa, na jina la mjomba aliyeipokea.