Kuzima ni kuzima: halt si poweroff

Nimekuwa kimya, kazi zimenibana kati ya Voi na Mwatate. Leo nina jambo dogo, ila limenikosesha usingizi.

Kuna mzee ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi. Nilimwekea kompyuta ya Linux ya kutunza stoki na mauzo, pamoja na UPS. Jioni moja stima ikapotea. Mimi nilikuwa juu milimani, Wundanyi. Akanipigia simu.

"Mzee, andika sudo halt, halafu ubonyeze Enter."

"Kijana wangu, imeandika imesimama, lakini feni bado inanguruma."

"Haina neno mzee, hiyo imeshazima. Funga duka ulale."

Haikuwa imezima. Amri ya halt husimamisha mfumo: programu zinafungwa, diski inaachwa salama, lakini umeme ndani ya mashine haukatwi. Feni ilizunguka mpaka betri ya UPS ikaisha. Asubuhi stima ilirudi, mzee akawasha na kuanza kuuza. Dakika ishirini baadaye ikapotea tena. UPS haikuwa na kitu. Mashine ikafa katikati ya kuandika risiti, na hifadhidata ikaharibika. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya siku tatu nyuma. Bahati nzuri alikuwa na vitabu vya risiti. Yeye na binti yake waliingiza kila kitu upya, jioni mbili nzima. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Mambo haya yana historia. Kompyuta za zamani zilikuwa na swichi ya umeme ya kuzima kwa mkono, kwa hiyo kusimamisha mfumo kulitosha, ya mwisho ulimalizia wewe. Kiwango cha ACPI kilichotoka 1996 kiliwezesha mfumo wenyewe kuiamuru bodi ikate umeme. Lakini majina ya zamani yalibaki. Katika Linux zinazotumia systemd, kama Debian na Ubuntu tangu 2015, halt inasimamisha tu, na poweroff inakata umeme. Cha kuchekesha, shutdown -h now, yenye hiyo h ya halt, nayo inakata umeme! Nani asiyechanganyikiwa?

Maoni yangu ni haya: sisi tunaofungia watu Linux tuache kujionyesha kwa amri tano za kazi moja. Mfundishe mteja moja tu:

sudo poweroff

Kama kuna watu bado wanafanya kazi kwenye mashine, tumia sudo shutdown +5 uwape dakika tano. Ukibadili nia, sudo shutdown -c inafuta.

Najua wapo watakaosema, "Ext4 ina jarida, chomoa waya tu." Hapana ndugu yangu. Jarida linalinda mpangilio wa faili kwenye diski. Data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu, haijaandikwa, imekwenda na maji.

Na hapa kwetu stima haibishi hodi ikiondoka. Mnakumbuka usiku wa 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani. Huko kwingine kuzima mashine vizuri ni adabu tu. Hapa ni kulinda riziki ya mtu.

Kwa mzee nimeshafunga NUT, programu huria inayoongea na UPS kupitia waya wa USB. Betri ikikaribia kuisha, inazima mashine yenyewe, hata kama mimi niko milimani na simu haishiki. Nakala ya akiba sasa inachukuliwa kila jioni. Na juu ya skrini nimebandika karatasi yenye maneno mawili tu, sudo poweroff. Chini yake mzee ameongeza kwa kalamu yake: "Sikiliza feni."

Wasalaam.