Turudi na nini Rusizi kutoka maonyesho ya maua?

Maonyesho ya kilimo yanayoandaliwa kila mwaka na Wizara ya Kilimo katika uwanja wa Mulindi, Kigali, huvuta watu kutoka pande zote za Rwanda, na wa wilaya ya Rusizi nao hufunga safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe ili wakajionee. Si wote wanaofuata mashine na mbegu za mahindi. Wako wanaokwenda kwa ajili ya ua wa nyumba yao: wanataka kuona maua yamepangwaje, mboga zimeoteshwaje kwenye magunia, na mti gani unafaa kutoa kivuli mahali padogo. Hurudi Kamembe, mji wa wilaya hiyo, na picha tele kwenye simu na miche miwili mitatu ndani ya boksi. Nia hiyo naiheshimu sana, kwa sababu mtu anayetaka nyumba yake ipendeze ameshaanza kuijali ardhi inayoizunguka. Lakini naona tunabeba kisichostahili na kuacha kinachostahili. Faida ya onyesho kubwa ni kumfundisha mtu kupanga nafasi ndogo. Mimea ya kuijaza nafasi hiyo, kwa mkazi wa Rusizi, itafutwe Rusizi, na ifike siku ioneshwe Rusizi kwenyewe.

Kwanza tuelewe onyesho ni kitu gani. Lile la Chelsea, London, maarufu kuliko yote duniani, lilianza mahali lilipo sasa mwaka 1913, nalo huchukua siku tano tu za mwezi Mei. Wakulima wake hutumia miezi mingi wakiiharakisha mimea mingine kwa joto la vibanda vya vioo na kuichelewesha mingine kwa baridi, ili yote ichanue juma hilohilo. Likiisha, bustani hubomolewa. Mulindi nako maonyesho huangukia impeshyi, miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, kwa hiyo kila kinachoonekana kibichi pale ni kibichi kwa sababu yupo anayekimwagilia asubuhi na jioni. Hakuna udanganyifu katika hayo. Ila mtazamaji ajue kwamba ameoneshwa siku chache, na bustani ya nyumbani ataishi nayo mwaka mzima. Kwa hiyo macho yake yatulie kwenye yale yasiyotegemea siku: mmea mrefu umewekwa upande gani usije ukainyima mifupi jua, njia imepita wapi, uzio wa nyuma una rangi gani hata maua ya mbele yakaonekana, na aina ngapi tu za mimea zimetosha kuijaza sehemu nzima. Mara nyingi bustani inayosimamisha watu ina aina chache zilizorudiwarudiwa. Somo hilo halihitaji boksi wala nauli ya mzigo.

Mwaka 2019, hukohuko Chelsea, mbunifu Jilayne Rickards alitengeneza bustani kwa niaba ya CAMFED, shirika linalosomesha wasichana barani Afrika. Bustani yenyewe iliigwa kutoka shule ya kijijini Zimbabwe: udongo mwekundu, darasa la kawaida, na mazao ya chakula, yakiwemo yaliyoongezewa virutubisho. Ilipata medali ya dhahabu, na watazamaji nao wakaipigia kura. Kwetu hilo lina uzito mkubwa. Kitu kilichowapendeza waamuzi wa London, mboga na maharage yaliyopangwa kwa jicho la mtu anayependa uzuri, ni ndugu wa akarima k'igikoni, bustani ya mboga ambayo serikali ya Rwanda imehimiza kwa miaka mingi iwe kwenye kila nyumba ili kupambana na utapiamlo. Tuta lile la mviringo lililoinuliwa kwa mawe, ngazi juu ya ngazi, lililo karibu na mlango wa jiko ili lipate maji yaliyooshea mboga, lina umbo ambalo mbunifu yeyote angejivunia. Tumelizoea hata hatulioni. Tunapanda ndani yake dodo na karoti bila mpango, kisha tunakwenda mbali kutafuta ua la kuweka kando ya geti.

Na maua tunayo. Katika chemchemi za maji moto za Mashyuza, upande wa Bugarama, ndiko alikotokea yungiyungi mdogo kuliko wote duniani, ambaye wanasayansi humwita Nymphaea thermarum. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Eberhard Fischer, alimgundua mwaka 1987. Jani lake lina upana wa sentimita moja hivi, ua lake ni jeupe lenye kiini cha njano, na haoti katikati ya maji kama ndugu zake bali kwenye tope lenye unyevu na uvuguvugu, pembeni mwa chemchemi. Eneo lake lote lilikuwa dogo mno, na maji yalipogeuzwa njia kwa ajili ya kilimo, tope likakauka. Ilipofika mwaka 2008 hakuonekana tena. Kilichomwokoa ni sampuli zilizokuwa zimepelekwa Bonn, Ujerumani. Bustani ya Kew, London, ilihangaika na mbegu zake, zikawa zinaota na kufa, hadi mwaka 2009 mtaalamu wake Carlos Magdalena alipoacha kuizamisha michipukizi na kuiweka kwenye tope usawa wa maji, majani yakigusa hewa. Ikakua. Januari 2014 mche mmoja uliibwa pale Kew na habari ikazunguka dunia. Kisha mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba yungiyungi huyo ameonekana tena akiota mwenyewe, wilayani Rusizi. Ni watoto wangapi wa shule za Bugarama wanaojua kwamba mmea ulioibwa London asili yake ni tope la kwao?

Sisemi mtu akamchimbe yungiyungi huyo ampeleke nyumbani. Hilo lingekuwa kummaliza. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonesha mambo mawili ambayo mpenda bustani hana budi kuyajua. Moja ni kwamba mmea hauishi kwa kupendwa, huishi kwa kupewa mahali panapoufaa, na hata Kew yenye vibanda vya vioo na wataalamu ilishindwa mpaka ilipoiga hali ya Mashyuza. La pili ni kwamba uzuri wa kwetu umezoea kusafiri kwenda kutambuliwa kwingine. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara. Mwaka uliofuata likaoneshwa kwenye maonyesho makubwa ya maua ya Gent, Ubelgiji, likawashangaza watu. Leo ua hilo, Saintpaulia, liko kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani, huku katika misitu ya Tanzania na Kenya aina zake kadhaa ziko hatarini kutoweka. Onyesho lilimpa mgeni macho. Mwenyeji hakuoneshwa chochote.

Safari ya upande wa pili, ya mimea kuja kwetu kwa sababu ya uzuri wake, nayo imeacha funzo zito. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini likasambazwa duniani kama pambo la mabwawa, maana ua lake kweli linapendeza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ni mojawapo ya njia lililopitia. Miaka ya 1990 liliziba bandari na kuwafungia wavuvi ufukweni, Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Mkazi wa Kamembe atafakari hilo kabla ya kununua mche wowote wa bwawani unaovutia, kwa sababu mtaro wake unaishia Ziwa Kivu, na Ziwa Kivu hutoa maji yake kwa mto Rusizi, wenye mitambo ya umeme inayotegemewa na zaidi ya nchi moja, hadi Ziwa Tanganyika.

Mtu atasema ninawaogopesha watu kwa mimea ya kigeni wakati maharage, mihogo na mahindi vyote vimetoka Amerika, na chai ya Shagasha asili yake ni Asia. Ni kweli kabisa. Sina ugomvi na asili ya mmea. Naangalia tabia yake. Alizeti mwitu, ile ya maua ya njano inayosimama kando ya barabara zetu, ililetwa kutoka Mexico, ikasambaa sana, lakini majani yake yamethibitika kuwa mbolea nzuri ya kijani, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki huikata na kuifukia shambani. Ugumu uko hapa: kwenye onyesho huwezi kuiona tabia ya mmea, unauona ukiwa kwenye chungu, siku chache, mikononi mwa anayetaka kuuza. Ule ambao jirani yako ameuotesha miaka kumi umeshatoa ushahidi wake wote. Ndiyo maana natetea miyenzi, ambayo ilizunguka maboma ya Rwanda tangu zamani, hukatwa kijiti na kuchomekwa tu ardhini, na hukubali kupunguzwa ikawa ukuta wa kijani uliosimama wima (utomvu wake ni hatari kwa macho, watoto waambiwe). Natetea umuko, mti wa maua mekundu uliokuwa na heshima kubwa katika mila za Wanyarwanda. Nyungwe, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, ina aina zaidi ya 1,000 za mimea, na humo ni marufuku kuchuma. Lakini ukitembea kwenye njia zake ukatazama namna mimea ya kivulini inavyokaa chini ya miti mikubwa, umepata darasa la bustani la daraja la juu, karibu na nyumbani.

Tena wilaya hii haina hali moja ya hewa hata ikubali ushauri mmoja kutoka Kigali. Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, iko chini karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na joto lake ni kali. Kamembe iko juu zaidi ya hapo kwa mita mia kadhaa, ikipata upepo wa ziwa. Na vijiji vinavyopakana na msitu vina baridi na mvua nyingi. Ua linalostawi Kamembe laweza kuungua Bugarama. Hakuna banda la Mulindi litakalokuambia hivyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la chakula. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 500 katika kila kilomita ya mraba ya Rwanda, na kwenye milima inayoshuka Kivu kuna familia ambazo shamba lao lote si kubwa kuliko uwanja wa kuchezea watoto. Kumwambia mtu huyo apande maua ni dharau, kama maua yanachukua mahali pa maharage. Lakini hayalazimiki kuchukua. Boga lina maua ya kiume na ya kike, na bila nyuki wa kubeba chavua halizai; maua yanayochanua kandokando ya tuta huwaita nyuki hao. Marigodi, ua la rangi ya machungwa linalopandwa mbele ya hoteli, hupunguza minyoo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mboga. Isogi ikiachwa baadhi ichanue hutoa ua jeupe jepesi lenye kupendeza na mbegu ya msimu ujao, na dodo jekundu likipandwa mstari mmoja na kabeji ya kijani, mlo umebaki uleule na tuta limekuwa pambo. Kwenye mteremko, ukingo wa majani na vichaka vya maua hushika udongo ambao mvua za itumba zingeupeleka ziwani. Familia yenye ardhi ndogo ndiyo inayohitaji zaidi maarifa ya kupanga, kwa kuwa haina hata hatua moja ya kupoteza.

Kwa hiyo napendekeza Rusizi ianzishe onyesho lake, lisilo na mahema wala mabanda, ambalo bustani zinatazamwa pale zilipo. Jambo hili limewezekana kwingine. Mji wa Córdoba, Hispania, ulianza mwaka 1921 mashindano ya nyua za nyumba: wakazi hufungua milango, wageni huingia kutazama vyungu ukutani, waamuzi hupita. Mwaka 2012 UNESCO iliitambua sherehe hiyo kuwa urithi wa wanadamu, na wanaoibeba ni watu wa kawaida wenye ua mdogo. Sisi tunayo umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, inayowakutanisha wakazi wa kila mudugudu. Mazungumzo ya baada ya kazi yanatosha kubadilishana vijiti na mbegu na kuchagua nyumba za kutembelewa. Naijua hofu itakayofuata, kwamba viongozi wataligeuza kuwa amri, na watu watajenga matuta kwa haraka siku mbili kabla ya ukaguzi kisha yakauke. Hofu hiyo ina msingi. Basi anayeshiriki ajiandikishe kwa hiari, asiyetaka asiulizwe, na waamuzi waje mara mbili: Mei, mvua zinapomalizika na kila kitu kimenawiri, halafu Agosti, wakati mabomba yanapokauka na mama anapima kila ndoo ya maji. Alama za Agosti ziwe na uzito maradufu.